Ndoo ya Salamu Maria Mbili

Asali ya buyu haimalizwi na mwizi. Mwizi angelibeba buyu zima, kelele zikapigwa, kijiji kikamkimbiza. Asali humalizwa na watu wa nyumbani, watu wema kabisa, kila mmoja na kidole chake, kila mmoja akijiambia kwamba ameonja tu. Siku mgonjwa anapoihitaji, buyu linateremshwa, linatikiswa, nalo ni kavu. Hapo ndipo watu huanza kutazamana. Wahenga waliliona hilo, wakatuachia methali: Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwenye ubishi na asikilize yaliyowapata watu wa Kapalangu.

Kapalangu ni kijiji cha wakulima, upande wa Litapunga, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Mpanda mjini kama mvua haijaharibu njia. Nyuma ya kijiji kulikuwa na msitu wa mininga, miyombo na mikuyu, na katikati yake ilitoka chemchemi iitwayo Kalumbi. Msitu ulikuwa mali ya kijiji kizima, umepimwa na kuandikishwa, na kijiji kilikabidhiwa nyundo ya chapa. Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Mti haukatwi bila ruhusa ya mwenyekiti wa kamati ya maliasili, na ukishakatwa, mwenyekiti anagonga nyundo kwenye kisiki, alama inabaki. Kisiki kisicho na alama kilihesabiwa kuwa cha wizi.

Mwenyekiti huyo alikuwa Mzee Baltazari. Msinielewe vibaya, jamani. Baltazari hakuwa mla rushwa. Hata yai la kuku hakupokea, na wapasua mbao kutoka mbali waliofika na bahasha aliwafukuza kama mbwa. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo ilifanana sana na wema: hakuweza kumtazama jirani usoni na kumwambia hapana.

Mkewe, Dorika, aliletwa Kapalangu akiwa bibi harusi kutoka Kabungu, na kwa miaka thelathini na minne alichota maji Kalumbi. Watoto walikuwa wameondoka wote, na sasa goti lake la kulia lilikuwa limevimba. Hospitalini Mpanda aliambiwa aache kubeba mizigo. Dorika alicheka. Maji yangetembea yenyewe mpaka jikoni?

"Mama Anicet," mumewe alimwambia siku ile waliyotoka hospitali, "vumilia. Kabla sijafa, utafungua bomba mlangoni pako." Maneno hayo Dorika aliyaweka moyoni. Kila alipopumzika njiani, ndoo ameitua, akiusugua mguu, aliyakumbuka na kunyanyuka tena.

Sasa sikilizeni. Dorika hakuwa na saa ya mkononi, lakini saa alikuwa nayo. Alipotega ndoo chini ya mfereji wa gome la mti uliotoa maji ya chemchemi, alisali. Alipokuwa bibi harusi, ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa Salamu Maria mbili, na mara nyingi "Amina" ya pili ilimkuta maji yakimwagikia miguuni.

Wa kwanza kuchovya alikuwa Amosi, seremala. Alifika asubuhi na mapema, macho mekundu. Baba yake alikuwa amefariki usiku ule, naye hakuwa na ubao hata mmoja.

"Mzee wangu, nimzike baba kwenye mkeka?"

"Hapana, mwanangu. Kata mninga mmoja. Msitu hauishi kwa mti mmoja."

Nani angekataa? Hata mimi ningegonga nyundo. Lakini miti mingine ilikuwa mbali, na maiti hawezi kusubiri, basi ulikatwa mninga uliokuwa karibu na njia, hatua chache kutoka chemchemi.

Baadaye akaja Malale, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Alivua kofia, akakaa chini kwa heshima ya kwao. "Baba, fisi wamenimalizia ndama. Nguzo tatu tu, nizibe zizi." Akapewa tatu. Viongozi wa kigango wakaomba mti wa viti vya kanisa. Nani amnyime Mungu? Shule ikaomba wa madawati. Nani awanyime watoto? Shukuru, muuza samaki wa migebuka kutoka Karema, akaomba mmoja wa meza ya gengeni, na kwa kuwa kigango kilikuwa kimepewa, ingekuwa aibu kumnyima Mwislamu. Kila mmoja alikuja na sababu yake safi mkononi, kila mmoja akasema "mti mmoja tu, Mwenyekiti," na Baltazari akagonga, kisiki baada ya kisiki, hapo hapo kwenye njia ya chemchemi.

Miaka ikapita. Jioni moja Dorika alitua ndoo akihema.

"Baba Anicet, siku hizi ndoo inajaa kwa Salamu Maria tano."

Baltazari akacheka. "Labda siku hizi unasali mbiombio."

"Mimi nasali vilevile. Maji ndiyo yanayosali polepole."

Mwaka uliofuata akamwambia zimefika nane. Baltazari alikuwa ananoa jembe. Alisema ni kiangazi, kitapita, akaendelea kunoa. Mtu akizoea kusikia jambo kutoka kwa mkewe, hulisikia kama anavyosikia jogoo wa jirani.

Mwezi wa nne barua ikaja. Serikali ilikuwa imetenga fungu kwa vijiji vilivyotunza misitu na vyanzo vyake vya maji. Kijiji kitakachofaulu kitajengewa tangi, na mabomba yatasambazwa mitaani. Wataalamu wangekuja mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kikali, kupima chemchemi. Sharti lilikuwa moja: ndoo ya lita ishirini ijae ndani ya sekunde arobaini.

Kijiji kililipuka kwa vigelegele. Baltazari aliingia nyumbani na barua, akaisoma mara mbili. "Umeona, Mama Anicet? Bomba la kwanza ni hapa. Hapa mlangoni!"

Dorika aliupapasa mguu wake. "Baba Anicet, hebu nenda na wewe ukatege ndoo."

"Nitakwenda," alisema Baltazari. Hakwenda. Kuteka maji ilikuwa kazi ya wanawake, na yeye alikuwa na mikutano.

Mkutano mkubwa kuliko yote uliitishwa mwezi wa tisa. Wageni wa serikali wanakuja, watakaa wapi? Juani? Watu wakakubaliana kwamba lijengwe jukwaa lenye kivuli, tena lisimame pale pale karibu na Kalumbi ili wageni wasichoke kutembea. Zilitakiwa nguzo kumi na nane. Nguzo zilipatikana pori la mbali, lakini ni safari ya nusu siku kwa mkokoteni, na msitu ulikuwa pale pale.

Dorika alisimama, akiegemea fimbo. Wanawake wa Kapalangu hawana desturi ya kuwapinga waume zao mbele ya watu, na vichwa vyote vikageuka.

"Nyie," alisema, "kabla hamjajenga pa kukaa, pimeni maji. Ndoo sasa ni Salamu Maria kumi."

"Mama, basi punguza ibada!" mtu mmoja akapaza sauti nyuma, na watu wakaangua kicheko. Baltazari alimwona mkewe akikaa chini polepole, uso ameuinamisha. Roho ilimuuma, hilo nisimsingizie. Lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, na mikono yote ilikuwa juu.

"Kumi na nane tu," alisema Baltazari. "Kwa faida ya wote."

Siku hiyo aligonga nyundo mpaka bega likamlegea.

Jukwaa lilipendeza kwelikweli. Lilipambwa kwa maua ya karatasi na vitenge, ngoma zikawekwa tayari, mbuzi akachinjwa. Gari la wataalamu lilifika saa nne. Aliyeshuka mbele alikuwa mhandisi wa maji, mwanamama mpole, amevaa mabuti. Baltazari alimwonyesha kiti kikubwa cha katikati.

"Ahsante sana, mzee wangu," alisema mhandisi, "lakini naomba nianze na maji. Nikishakaa, nitakula, na nikishakula nitaona kila kitu kizuri."

Watu wakacheka, wakamfuata chemchemini. Alitega ndoo yake yenye mistari, akashika saa. Dorika alisimama karibu na mfereji, mahali pake pa miaka yote, na midomo ikaanza kucheza yenyewe.

Salamu Maria mbili zikapita. Maji yalikuwa yamefunika kitako cha ndoo, basi. Tano. Nane. Hakuna aliyecheka tena. Watu waliusikia ule mchirizi mwembamba wenye sauti ya mtu anayemimina chai. Dorika alipofika ya kumi na mbili, ndoo ikajaa. Mhandisi akaimwaga, akarudia, kisha akarudia tena, maana sheria inataka mara tatu. Mara zote tatu jibu lilikuwa lile lile.

Alikunja daftari lake taratibu. "Wazee wangu, nasikitika. Chemchemi hii haifiki hata robo ya kiwango."

"Mama," Baltazari alisema, "hamwezi kuleta mabomba kwanza? Mvua zikinyesha, maji yataongezeka."

"Mzee, fungu la serikali linanunua mabomba, linanunua simenti, linalipa mafundi. Maji halinunui. Fungu hili nitalipendekeza kwa kijiji ambacho chemchemi yake bado ina nguvu." Akageuka, akatazama jua lilivyokuwa likichoma udongo uliozunguka mfereji. "Hapa palikuwa na kivuli. Nani aliyekata miti hii?"

Kila mtu alipata kitu cha kutazama: kucha zake, kandambili za mwenzake, mbuzi anayechomwa kule mbali.

"Mimi nilikata mmoja tu," Amosi alisema hatimaye. "Wa jeneza la baba."

"Mimi mitatu tu, mama," akasema Malale, kofia mkononi. "Ya zizi."

Wengine wakaanza kunong'ona: mmoja tu, mmoja tu, na sisi wa shule mmoja tu. Mhandisi aliinama kwenye kisiki kilichokuwa karibu, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Akaenda cha pili. Cha tatu.

"Vyote vina alama," alisema kwa mshangao. "Kwa hiyo siyo wizi. Nyundo hii ni ya nani?"

Baltazari angeweza kusema ni ya kijiji, na asingekuwa amedanganya. Alimtazama Dorika. Dorika hakuwa amenuna wala kukasirika. Alikuwa amekaa juu ya kisiki, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, amechoka kama mtu aliyetembea miaka mingi kwenda mahali na kukuta pamefungwa.

"Ni yangu," alisema Baltazari, na machozi yakamtoka mbele ya kijiji kizima. "Mimi ndiye niliyegonga. Hawa waliomba mmoja mmoja. Mimi peke yangu ndiye niliyeiona miti yote."

Gari liliondoka kabla ya saa sita. Nyama ya mbuzi iliiva, lakini aliyeila hakuisifia. Wiki mbili baadaye habari zikafika kwamba mabomba yameshushwa kijiji kingine, safari ya siku nzima kutoka hapo. Chini ya jukwaa, mbuzi waliobaki walipata kivuli kizuri cha kulala.

Asubuhi ya siku iliyofuata habari hizo, Baltazari aliamka mapema akachukua ndoo. Dorika alimshangaa.

"Unakwenda wapi na ndoo yangu?"

"Kalumbi. Goti lako lipumzike."

"Watu watakucheka."

"Wacha wacheke. Wananidai kicheko."

Dorika hakukubali kubaki. Wakaenda pamoja polepole, yeye na fimbo, mzee na ndoo. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka chemchemini wakapisha njia, na hakuna aliyecheka. Baltazari akatega ndoo chini ya mfereji. Dorika akakaa, akafumba macho, akaanza kusali.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Baltazari hakuwa na la kufanya ila kusubiri maji. Basi akaanza kuvitazama visiki, na kila kisiki kilimtazama na chapa yake. Kile cha mninga ni cha marehemu baba yake Amosi. Vile vitatu ni vya Malale. Kile kipana ni viti vya kanisa, kinachofuata madawati, kile cha bondeni ni meza ya Shukuru. Alivijua vyote kwa majina na kwa sababu zake, na hakuona sababu hata moja iliyokuwa mbaya. Alipofika vile kumi na vinane vya jukwaa, ambavyo utomvu wake ulikuwa bado haujakauka, akamgeukia mkewe.

"Mama Anicet," aliita.

Dorika akafumbua jicho moja. "Usinikatishe. Niko ya saba."

"Nimehesabu arobaini na moja."

"Na ndoo?"

Baltazari akachungulia ndani. "Bado," alisema. "Ndiyo kwanza imefika nusu."

Akatoa nyundo mfukoni mwa koti, akaiweka mapajani mwa mkewe. Dorika aliishika, akaipima uzito wake, akashangaa jinsi ilivyokuwa ndogo. Kisha akarudi kwenye sala yake, ya nane, ya tisa, ya kumi, na safari hii mumewe akasali pamoja naye, wakiungoja ule mchirizi ambao hakuna mwizi aliyeuiba. Kweli wahenga hawakukosea: chovya chovya humaliza buyu la asali.