Kwa Nini Nyusi Huanza Kupungua Pembeni

Enzi hizo za mwanzo, ukungu ulipokuwa ukilala milimani mpaka jua linachomoza, watu walikuwa na nyusi nene kutoka karibu na pua hadi karibu na sikio. Msicheke, zilikuwa na kazi. Ndoto zilishuka na ukungu, zikanasa humo kama umande kwenye nyasi. Asubuhi mtu alilowesha kidole, akapapasa nyusi, na ndoto yote ikamrudia machoni. Watu walisimuliana huku uji ukichemka, na hakuna aliyeamka akisema amesahau.

Ukiung'oa unywele mmoja wa nyusi, ndoto iliyokuwamo ilitoka nje mchana kweupe, na sauti yake na harufu yake, halafu ikapotea moja kwa moja. Watu walilijua hilo ila hawakujishughulisha nalo. Nani ajitie maumivu kwa ajili ya ndoto ya mbuzi?

Basi palikuwa na mwanamke aitwaye Namkunda. Mtoto wake wa pekee, Nanzia, alikufa kwa homa wakati wa masika. Namkunda aliketi jikoni ameshika tama, vidole vikichezea pembeni mwa jicho, na unywele mmoja ukang'oka. Palepale Nanzia akawa amechuchumaa mbele ya mafiga, pengo lake wazi, nywele zikinuka moshi, anaomba ndizi mbivu. Namkunda alinyoosha mkono, na mtoto akayeyuka.

Aling'oa mwingine. Nanzia akapita anaimba. Akang'oa mwingine tena. Nyingine zilikuwa na ndoto za zamani tu, za mbuzi na mafuriko, lakini aliendelea kutafuta. Shamba lake la maharage likamezwa na magugu. Nyusi zikaisha kuanzia pembeni kuja katikati, na ukungu wa usiku ulipomshushia ndoto, zilikosa pa kushika, zikateleza zikaenda zao. Namkunda akawa anaamka bila ndoto hata moja. Hakuna uchungu uliouzidi huo, maana sasa mtoto alikuwa anampotea mara ya pili.

Zilibaki nywele chache karibu na pua. Mkono ulipopanda kuzifuata, mama mkwe wake akaushika.

"Mwanangu, ukizimaliza hizo, mjukuu wangu atatua wapi?"

"Nimwone mara moja tu, mama."

"Hata mimi namlilia. Lakini mimi namngoja."

Namkunda akalia mpaka akachoka, na mkono ukashuka wenyewe.

Tangu jioni hiyo mama mkwe alimpaka mafuta ya nyonyo pale palipokuwa na nyusi, akisugua polepole kwa ncha ya kidole. Alimlisha maharage, mayai na mboga za majani, kwa kuwa mwili wenye njaa hauoteshi kitu. Akamwekea mahindi ya kupukuchua ili vidole vipate shughuli. Wala hakumharakisha. Nywele zikaanza kurudi, laini na chache, ila pembeni pakabaki peupe.

Asubuhi moja Namkunda akalowesha kidole, akapapasa. Nanzia alikuwa mbali, ndani ya ukungu, amebeba kibuyu cha maji na amempa mgongo. Hakugeuka. Namkunda akamtazama mpaka alipoishia, na hakung'oa kitu. Kisha akamweleza mama mkwe wake. Wakalia pamoja kwa mara ya kwanza, na uji ukaungua.

Habari yake ikaenea, na wengine waliofiwa nao wakang'oa; ndiyo maana tangu siku hiyo nyusi za binadamu huanza kupungua pembeni, kule vidole vinakofika kwanza. Za wazee ndizo chache zaidi, kwa sababu wana wengi wa kuwakumbuka. Ndoto nazo siku hizi hunasa nusu tu, nusu nyingine huteleza. Zako zikipungua, paka nyonyo, kula vizuri, ondoa vidole, ngoja. Zikidondoka zote kwa mkupuo, hilo si la kisa changu, nenda zahanati. Lakini ukimkuta mtu ameduwaa, kidole kiko pembeni mwa jicho, usimcheke. Mshushe mkono taratibu, umuulize jina la anayemtafuta.

Nimekifikisha hapa kisa changu. Kalaleni, na mkiota, oteni vizuri.