Vidonge Sita, Wanawake Watano

Hapo zamani, kabla bibi yangu aliyenipa maneno haya hajaota meno, palikuwa na mwanamke akiitwa Kibibi. Kibibi alisuka mikeka, Kibibi alifinyanga vyungu. Akafa kwa ndui, akaacha mtoto mchanga, Mize, asiye na baba wala shangazi.

Desturi yao ilikuwa hivi: mama akifa bila ndugu, mtoto huchukuliwa na mwanamke aliyefanya kazi moja na mama huyo. Lakini Kibibi alikuwa na kazi mbili! Wasusi watatu wakasema, "Ni wetu." Wafinyanzi watatu wakasema, "Ni wetu." Na wote walimtaka kweli, wajukuu zangu, maana ndui ile iliwaachia kila mmoja nyumba tupu na chungu cha chakula cha mtu mmoja.

Bi Msiri, mkubwa wa wanawake, akaamua kura ipigwe. Kila msusi akaleta kidonge cha udongo chenye alama ya ukucha wake, kimepakwa chokaa. Kila mfinyanzi akaleta chake, kimepakwa masizi. Vyote chunguni. Bi Msiri akafumba macho, akatoa kimoja. Cheupe, alama ya Mwanasiti.

Mwanasiti akapiga kigelegele.

"Hebu ngoja, shoga!" akasema Siwema, msusi mwenzake. "Wasusi ni mimi, Mosi na wewe. Wafinyanzi ni Nyamvula, Hidaya na... wewe tena! Tuko watano, vidonge sita. Umo mara mbili!"

"Nimo mara mbili kwa kuwa nilikuwa naye mara mbili," Mwanasiti akajibu. "Asubuhi tulisuka, jioni tulichimba udongo. Nyie mlimjua nusu. Tena kilichotoka ni cheupe. Mngeondoa kile cheusi changu, hiki si kingetoka vilevile?"

"Na kama tungeondoa hicho cheupe?" akauliza Siwema. "Mimi nina kidonge kimoja, Mwanasiti, na kitanda kitupu kama chako."

Bi Msiri akaguna. Akaondoa cheusi cha Mwanasiti, akarudisha cheupe, akachanganya, akatoa tena.

Cha Siwema.

"Nimeshamtandikia," Mwanasiti akasema polepole. "Tangu jana nimeshaziambia kuta kwamba mtu anakuja."

Hapo Mize akaanza kulia. Siwema akambeba, mtoto akalia. Mwanasiti akambeba, mtoto akazidi kulia.

Mlangoni alikuwa amesimama Mboza, jirani wa Kibibi. Mboza hakujua kusuka, Mboza hakujua kufinyanga. Yeye ndiye aliyemnywesha mtoto maziwa ya mbuzi tangu mazishi, lakini kwenye kura hakuna aliyemwita, kwa sababu hakuwa wa ukili wala wa udongo. Akanyoosha mikono. Mtoto akalala begani pake, kimya.

"Bi Msiri, najua sina kidonge," akasema. "Nimekuja kuwaambia tu, hulala bega la kushoto. Huku kulia hataki. Basi. Mtakapokwisha kuamua nitarudi kwangu."

Bibi yangu kila alipofika hapa aliendelea kuchambua kunde zake, akafa bila kunipa jibu.

Haya, niambieni nyie. Kidonge cha kwanza kilimtaja Mwanasiti, cha pili kikamtaja Siwema, na Mboza hakuwekewa hata kimoja. Je, nani alistahili kwenda na Mize, na ni nani wa kurudi kwenye nyumba ambayo akibisha hodi, hujiitikia mwenyewe?