Chuma Kilichofumbua Jicho

Chuma huulizwa kingali motoni. Mmeyasikia maneno haya karakanani leo, nanyi mnataka kujua yametoka wapi. Basi yalianza hivi.

Katika kiwanda kimoja cha mkonge alikuwako Singano, fundi wa kukomaza vyuma. Kazi yake ilikuwa kutoa mhimili wa mashine tanurini ukiwa mwekundu na kuuzamisha kwenye mafuta ili uwe mgumu. Babu yake alimfunza kutazama: chuma kikipoa hufifia, kisha ghafla hung'aa tena, kama mtu anayefumbua jicho usingizini. Kizamishe kabla hakijafumbua, la sivyo kitabaki laini.

Meneja mpya akaja na saa, akaitundika ukutani. "Dakika mbili nje ya tanuri, ndipo mafuta. Hapa hatupimi kwa macho."

Singano akatii. Mihimili mitatu ikajipinda, na wa tatu ukamvunja mkono fundi mwenzake Singano. Meneja akasema Singano ni mzembe, anapitisha zile dakika mbili. Barua ya kumfukuza ikaandikwa.

Mwanakombo, mhandisi wa kiwanda, akaomba wasubiri kwanza. Akachukua vipande vya mihimili hiyo, yeye na Singano, wakasafiri hadi maabara yenye miale ya nyutroni. Hizo ni chembe ndogo mno, hupenya chuma kama upepo kati ya safu za mkonge, na kutoka na habari za jinsi kilivyojipanga ndani.

Wakapima siku mbili.

"Ni laini," alisema Mwanakombo. "Ila havisemi vililainika lini. Atashikilia kuwa ulichelewa."

"Mama, mnahoji maiti. Ataitika nini?"

"Sasa wewe unatakaje?"

"Kirudisheni motoni. Kiulizeni kingali hai."

Mwanakombo akacheka. "Fundi, una maneno wewe!" Hata hivyo akaweka tanuri dogo katikati ya miale, akatia kipande kimoja hadi kikawa chekundu, kisha akakipoza kwa mwendo uleule wa mhimili ukiwa nje ya tanuri.

Chuma kikafifia kama jua nyuma ya moshi. Singano hakutazama kioo cha mashine kilichoonyesha safu za ndani ya chuma. Alichungulia kitundu cha tanuri, na kwa kitambo akawa yuko tena kwenye karakana ya babu yake, mivukuto ikipumua taratibu.

"Sasa!" akanong'ona.

Chuma kikang'aa tena, na papo hapo safu kwenye kioo zikayeyuka, zikajipanga upya.

Mwanakombo akatazama saa yake. Dakika moja na nusu, kabla ya zile mbili za meneja.

"Kumbe hukuchelewa," akasema. "Uliamriwa kuchelewa."

Waliporudi kiwandani na vipimo hivyo, barua ikachanwa, saa ikaondolewa ukutani. Tangu hapo, mtu akija na kipande baridi kutafuta mkosaji, mafundi humjibu: chuma huulizwa kingali motoni.