Nguchiro Mnadi na Kofia Tatu za Kiboko

Hapo zamani za kale, kale ya kweli, kabla hata babu yangu hajajifunza kudanganya, wanyama walikuwa na soko lao, na soko lilikuwa na mabosi. Msicheke. Mtakua, mtawakuta.

Bosi mmoja alikuwa Kiboko, mpika togwa. Togwa yenyewe sasa, jamani! Chachu, nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Lakini kila siku ya gulio, ambayo ilikuja mara moja kwa wiki, mitungi yake arobaini iliisha kabla jua halijafika utosini. Mnadhani ni kwa utamu? Thubutu! Ni kwa sababu ya mnadi wake, Nguchiro.

Nguchiro ni kanyama kadogo, mkia mrefu, mdomo haufungi. Alipuliza pembe, puuu! Kisha akaanza:

"Njooni kwenye togwa ya Kiboko! Ukinywa kikombe kimoja, mkwe wako anakusifu! Ukinywa viwili, wewe unamsifu mkwe!"

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakapanga foleni, wakanunua. Walipokunywa walikunja nyuso, na wiki iliyofuata wakarudi.

Na mshahara wake? Kibaba kimoja cha mtama kwa kila gulio. Nyumbani ni mama wa watoto wanne. Siku ya tatu kibaba kimekwisha. Siku ya nne watoto wanalamba mwiko. Siku ya tano wanaulamba tena, labda jana walisahau mahali.

Nguchiro aliomba nyongeza mara ya kwanza. Kiboko akamvika kofia ya ukindu. "Kuanzia leo wewe ni Mnadi Mkuu!"

Akaomba mara ya pili. Akavikwa kofia nyingine juu ya ile. "Mnadi Mkuu Mwandamizi! Hongera sana!"

Mara ya tatu alikwenda na machozi yanamlenga. "Bosi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Bosi, wanangu wana njaa. Mitungi arobaini inaisha kila gulio. Naomba vibaba vitatu."

Kiboko akashika kifua kama aliyechomwa mwiba. "Vitatu! Nguchiro, mwanangu, sisi hapa ni familia. Familia inadaiana mtama?" Akavuta kofia ya tatu. "Haya, Mnadi Mkuu Mwandamizi wa Kanda Zote!"

"Kanda ziko ngapi, Bosi?"

"Moja. Ila ni kubwa." Kisha akapiga mwayo, aaah! "Tena nikwambie ukweli, kupiga kelele kila mtu anaweza. Ukitaka zaidi, lete kitu chako mwenyewe sokoni ukinadi. Pembe nitakuazima. Unaona ninavyokupenda?"

Nguchiro alikasirika mpaka mkia ukasimama wima. Lakini alisema tu, "Asante, Bosi."

Sasa sikilizeni desturi ya soko lile. Kitu kikishapigiwa pembe, anayetaja bei kubwa mbele ya watu ndiye mwenye nacho. Akiikana bei yake, kitu kinakwenda kwa aliyemfuata, na yeye anazomewa.

Siku ya gulio, togwa ilipokwisha, Nguchiro akatoa kapu kubwa lenye kifuniko. Puuu!

"Jamani! Kilichokuja na kapu hili hakioti ukungu wala hakiozi! Gulio lililopita kiliuza mitungi arobaini ya togwa chachu! Togwa chachu, jamani! Je, mkikipa kitu kitamu? Bei hailipwi mara moja. Mtakilipa kila gulio, maana kila gulio kinafanya kazi."

Kiboko akatoa macho. "Ala! Kumbe ana hirizi!" akajisemea moyoni. "Nikiipata hirizi hiyo, Nguchiro wa kazi gani? Namfukuza leo leo, na kile kibaba kimoja nakula mwenyewe!"

"Vibaba viwili!" akanguruma.

"Vinne!" akasema Kifaru. Huyu alikaanga vitumbua vitamu, ila alikuwa na haya, hakujua kuvisifu, na kila jioni alivila mwenyewe huku akilia.

"Vitano!"

"Sita!"

"Saba!" Kiboko akakanyaga chini, ndii!

"Vinane," akasema Kifaru, jasho linamtoka.

"TISA! Vibaba tisa, kila gulio, mpaka nife!"

Nguchiro akafunua kapu. Halikuwa na kitu. Akaruka, chupu! akatua ndani, akaketi, kofia tatu kichwani.

"Ndiyo mimi hapa, Bosi. Tisa nimekubali."

"Wewe?" Kiboko akapaza sauti mpaka mitungi ikagongana. "Wewe nakulipa kibaba kimoja!"

"Kimojaaa?" soko zima likaitikia.

"Bosi, sasa hivi tu umesema tisa. Kilichobadilika ni nini?"

"Nilidhani ni kitu cha maana! Silipi! Kupiga kelele kila mtu anaweza!"

"Uuuuu!" wakamzomea. Kifaru akasogea taratibu, anaona aibu. "Bibie, mimi nilisema vinane. Nilisema kweli."

Basi siku ile watoto wanne walikula mpaka wakasahau mwiko uko wapi.

Gulio lililofuata Kiboko alipuliza pembe mwenyewe. Yalitoka mate tu. Akafungua mdomo wake mkubwa. "TOGWA!" Ndama wakaanza kulia. "Ni... togwa. NUNUENI!" Wateja wakakimbia mbio, moja kwa moja hadi kwenye foleni ya vitumbua, walikokuwa wakicheka na Nguchiro. Jua likapita utosini, mitungi arobaini imejaa vilevile.

Jioni Nguchiro akamwendea. Akapanda juu ya mtungi, akamwekea kofia zote tatu kichwani. Zilikaa kama vitumbua vitatu juu ya sinia.

"Hongera, Bosi! Mnadi Mkuu Mwandamizi wa Kanda Zote!"

"Nguchiro, rudi," Kiboko akasema kwa sauti ya kulia. "Nina njaa. Angalau nigawie mtama kidogo."

"Mtama?" Nguchiro akashika kifua. "Bosi wangu! Familia inadaiana mtama?"

Basi hapo ndipo nilipowaacha, na nyinyi mkaoshe miguu mlale, ila mshike hili: anayekulipa si wa kumuuliza thamani yako, iulize kazi yako, tena mbele ya watu.