Kinywa cha Bwana Chatu

Hodi ya hadithi.
Karibu, masikio yapo.
Nikae?
Kaa.
Nianze?
Anza, sisi tumeshakaa muda.

Basi hapo kale palikuwa na bonde ambalo ukungu wake ulilala mpaka saa tano asubuhi. Si ukungu huu wenu wa kupita. Ule ulikuwa wa kukaa. Ulishuka mlimani polepole, ukaingia katikati ya miti, ukajaza mashimo, ukatanda juu ya mto kama maziwa yaliyoganda. Wanyama wa bonde lile walitembea ndani yake nusu wameamka, nusu wamelala. Ukimwuliza mmoja, "Unakwenda kunywa maji, au unaota unakwenda kunywa maji?" alifikiri kwanza.

Katikati ya bonde palikuwa na mwamba. Chini ya mwamba palikuwa na pango. Ndani ya pango palikuwa na Chatu, mnene kama kinu, mrefu hata yeye mwenyewe mkia wake alikuwa akiusikia kwa mbali. Kazi zake zilikuwa mbili, kula na kusinzia. Akishakula alisinzia siku saba. Siku ya nane ulimi ulichungulia nje, ssss, ndipo watu wakajua njaa imeamka. Kwa macho usingejua kitu, kwa sababu nyoka hana kope. Analala macho wazi, anaota macho wazi.

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Ukiwa hatua tatu tu, huisikii. Na hata angekuwa na sauti ya radi, desturi ya bonde ilikuwa kwamba mkubwa hasemi na wadogo ana kwa ana. Neno lake hutiwa mdomoni mwa mtu mwingine, na huyo ndiye analipeleka. Mtu huyo aliitwa Kinywa. Kinywa hana neno lake mwenyewe. Anapewa, anapeleka. Anajibiwa, anarudisha. Na ujira wake ni kwamba watoto wake hawaliwi.

Kinywa cha Bwana Chatu alikuwa Sange. Sange ni yule mnyama mdogo anayefanana na panya aliyevutwa pua. Miguu myembamba, masikio makubwa ya kunasa hata sauti ile nyembamba, pua ndefu kama mrija, na pua yenyewe haitulii. Akitumwa alikwenda chapu chapu chapu juu ya majani mabichi, akapanda jiwe, akasema:

"Bwana amesema."

"Tumesikia."

"Bwana amesema Kanga alete vifaranga."

"Amesikia."

Kanga akaleta. Akaviweka mlangoni pa pango, akaondoka bila kugeuka. Chatu akala, akasinzia siku saba. Siku ya nane, ssss. Chapu chapu chapu.

"Bwana amesema."

"Tumesikia."

"Bwana amesema Nguruwe alete wanawe watatu."

"Amesikia."

Nguruwe akaleta. Nguruwe yule, mwenye shingo kama gogo na meno kama majembe, aliwaongoza wanawe watatu mpaka mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Chatu hakuwahi kumvizia mnyama hata mmoja wa bonde lile. Ahangaike kwa nini, na chakula kinakuja kwa miguu?

Mkiniuliza kwa nini walikubali, nitawaambia. Waliambiwa. Mtu aliyezaliwa anaambiwa, akakua anaambiwa, hajui kama maneno yana kazi nyingine.

Sasa asubuhi moja, ukungu mzito, ulimi ukachungulia. Ssss.

"Kinywa."

"Labeka, Bwana."

"Nani amebaki?"

"Paa, Bwana. Ana mtoto mmoja, wa kike. Hajatimiza mwezi."

"Aletwe kesho, ukungu ukiondoka."

"Nimesikia."

Sange akageuka aende.

"Kinywa."

"Bwana."

"Wewe unao wangapi?"

Pua ya Sange ikatulia. Tangu azaliwe haikuwahi kutulia.

"Wawili, Bwana. Wembamba. Mifupa na pua tu."

"Siku nane ni nyingi," Chatu akasema, na macho yake hayakuonyesha kama anaota au hapana. "Watanenepa."

Msimsifu Sange mapema. Neno la vifaranga alilipeleka. Neno la watoto wa Nguruwe alilipeleka, na jioni yake akala mchwa wake, akashiba, akalala. Lilipogusa nyumba yake ndipo akili ilipoanza kutembea. Wengi wetu tuko hivyo hivyo, na sitaki mtu anibishie.

Akaondoka chapu chapu chapu, kisha akasimama. Ukungu ulikuwa mweupe mbele na mweupe nyuma. Hakuona alikotoka, hakuona anakokwenda, alikuwa na neno mdomoni tu. Akalionja. Lilikuwa gumu kama kokoto. Akalisukuma shavu hili, akalisukuma shavu lile, kama mtoto na kipande cha muwa. Alipofika kwa Paa, neno lilikuwa limelainika.

Bi Paa alikuwa amesimama chini ya majani mapana, mtoto wake amelala kati ya miguu yake, amejikunja, anapumua kimvuke kidogo.

"Bwana anauliza," Sange akasema.

Bi Paa alifungua mdomo aseme "nimesikia," akaufunga tena.

"Anafanya nini?"

"Anauliza. Anauliza kama ungependa kumpa mtoto wako."

"Ananiuliza mimi?"

"Wewe."

"Kama ningependa?"

"Kama ungependa."

Bi Paa akamtazama mtoto, akautazama ukungu, akamtazama Sange.

"Mbona sipendi," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Mwambie sipendi. Hivi kuulizwa ndiko huku? Mtu anakuuliza, halafu wewe unasema?"

"Ndiko huku."

"Na ukisema hapana?"

"Umeshajibu. Swali limekwisha."

Jirani yake, Bi Kobe, akatoa kichwa. "Eti Paa ameulizwa? Mimi nina miaka tisini katika bonde hili, sijaulizwa hata kama nimeamka salama."

"Labda waliogopa kungoja jibu lako, bibi," Sange akasema.

"Nyamaza, pua wewe."

Lakini habari ilishatoka. Ilipita kwenye ukungu kutoka sikio hadi sikio, kama ndoto inayootwa na watu wengi kwa pamoja. Paa ameulizwa. Paa ameulizwa na amekataa. Amekataa na bado amesimama pale pale, ananyonyesha.

Nguruwe akaja akivunja matawi.

"Nasikia siku hizi watu wanaulizwa."

"Ndiyo, shemeji."

"Mimi uliniambia nilete."

Sange akarudi nyuma hatua mbili.

"Ningeulizwa, ningesema hapana," Nguruwe akasema. "Nenda kamwambie atoke. Mwambie atoke katika bonde hili. Asipotoka, naja kumtoa kwa meno."

"Mwambie atoke," wakasema wengine ndani ya ukungu, mmoja mmoja, kila mmoja kama anajaribu kiatu kipya. "Mwambie atoke. Mwambie atoke."

Sange akalipokea neno. Likawa gumu kuliko lile la kwanza. Chapu chapu chapu, shavu hili, shavu lile. Alipofika pangoni lilikuwa limelainika.

"Bwana, watu wa bonde wanaomba."

"Wanaomba nini?"

"Wanakuomba utoke."

Chatu akanyanyua kichwa.

"Wakuone," Sange akasema haraka. "Wamekulisha miaka yote hii, hawajawahi kukuona mwili mzima. Wanaona pua tu hapa mlangoni. Wanakuomba utoke, wakutazame."

Amri Chatu angeitema, kisha angemmeza aliyeileta. Lakini ombi lilimwingia taratibu, kama maji ya uvuguvugu yakiingia kwenye shimo.

"Wanaomba sana?"

"Nguruwe alikuwa anatetemeka, Bwana."

"Vizuri. Nitatoka jua likipanda, nijipashe moto."

"Wanaomba iwe mapema, kungali ukungu. Wamesikia kwamba madoa yako yakipata umande yanang'aa kama shanga."

"Nani kawaambia?"

"Linasemwa tu, Bwana."

"Ni kweli yanang'aa," Chatu akasema.

"Na wanaomba ulale juu ya lile gogo la mkuyu pale mtoni. Mwamba huu ni mfupi. Hautoshi urefu wako."

Chatu akautazama mwamba. "Ni mfupi kweli," akasema. "Nilikuwa nawaza hivyo tangu zamani. Waambie nimekubali. Na mtoto wa Paa aje nimle hapo hapo gogoni, wakiniona."

Hilo la mwisho Sange alilimeza.

Sasa mjue kitu kimoja. Nyoka hana moto wa mwilini mwake. Anachopewa na jua ndicho anachotembelea. Jua lisipotoka anakuwa kama kamba iliyolowa, anasogea kidogo, anasahau alikuwa anakwenda wapi, anasogea kidogo tena.

Kesho yake asubuhi akatoka. Alitoka muda mrefu, maana alikuwa mwingi. Ukungu ulimpokea, ukamfunika, ukamfungua. Wanyama walisimama pembeni kama vivuli, kimya, na mbele yao kitu kile kikapita na kupita na kupita, kahawia na dhahabu na nyeusi, umande juu yake, bila mlio. Nami sitawadanganya, alikuwa mzuri. Bi Paa alisema baadaye kwamba kwa kitambo kidogo alisahau kumchukia.

Akapanda gogo. Nusu ya gogo ilikuwa topeni, nusu majini. Akajinyoosha, akaenea kutoka mwanzo hadi mwisho. Baridi ikamkalia mgongoni kama paka, na usingizi ukamjia macho wazi.

"Kinywa," akasema, na neno likatoka limechoka. "Waambie wasisogee. Waambie waniangalie kwa mbali mpaka jua litoke. Kisha mtoto aletwe."

Sange akapanda jiwe. Wote wakamtazama.

"Bwana anaomba."

"Anaomba?" Nguruwe akauliza.

"Anaomba. Anasema kama si usumbufu, msukume gogo kidogo."

Mto ukapita, chubwi chubwi.

"Kidogo kiasi gani?" Bi Kobe akauliza.

"Kiasi mtakachopenda wenyewe."

Nguruwe akashuka mpaka kwenye tope. "Mtu mzima ameomba kwa adabu namna hiyo," akasema, "mimi siwezi kumnyima." Akatia meno yake chini ya gogo. Bi Paa akaweka kipaji chake cha uso kando yake. Kanga akaja, akasukuma kwa kifua, hata kama kusukuma kwa kanga si kusukuma. Hiii-ya. Hiii-ya. Tope likang'ang'ania, likafikiri, likaachia. Fyoop. Na gogo likaingia mtoni, chwaaa, kwa ulaini, kama jambo lililokuwa linangojwa.

Chatu aliota anabebwa na watu wake. Kisha akaona miti inarudi nyuma.

"Kinywa. Mbona bonde linaondoka?"

Sange alikuwa akikimbia ukingoni, chapu chapu chapu, akifuatana na gogo.

"Bwana anauliza kama mko salama," akawaambia wenzake.

"Mwambie tuko salama," wakajibu.

"Wanasema safari njema, Bwana."

"Waambie wanirudishe. Sasa hivi."

"Bwana anawaaga."

"Mwambie kwaheri."

"Wanasema kwaheri, Bwana."

"Kinywa," Chatu akasema, mbali sasa, karibu na mahali mto unapoinama kwenda tambarare, kwenye joto na miiba na watu wasioijua desturi ile. "Kinywa, wewe unasema nini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Sange akasimama, akafikiria jibu, na alipolipata ukungu ulikuwa umeshafunga.

Aliporudi alimkuta Nguruwe peke yake, miguu imejaa tope mpaka magotini.

"Sange."

"Naam, shemeji."

"Siku ile ya wanangu. Lile neno ungeweza kuligeuza?"

Pua ya Sange ikatulia mara ya pili.

"Ningeweza."

Maji yalikuwa yanapita, na upande wa pili mtoto wa Paa alikuwa ameamka, anajaribu kuruka, anaanguka, anajaribu tena.

"Naomba," Sange akasema, na ilikuwa vigumu, kwa sababu neno lile hakupewa na mtu. "Naomba unisamehe."

"Umeniomba?"

"Nimekuomba."

"Basi nitafikiria," Nguruwe akasema, akaenda zake. Alifikiria miaka sita.

Hadithi hii inatufundisha kwamba ukitumwa neno, lifikishe kama ulivyopewa. Usiigeuze amri kuwa swali, usiligeuze katazo kuwa ombi, usiongeze shanga wala umande. Angalieni hasara iliyompata Sange kwa kutokuwa mwaminifu: wanawe wawili walikua, wakaoa, wakazaa, wakamjazia nyumba kelele mpaka akakosa mahali pa kuweka pua.

Neno nimelitua.
Tumelipokea.
Aliyenipa alinipa hivi hivi, sikugeuza hata chembe.
Tumeamini.
Sasa nawaomba mkaoshe vyombo.
Tutafikiria.
Nimesema mkaoshe vyombo.