Mizinga Iliyoombewa

Zamani za vita vya dini baharini, Mreno na Mturuki walifika kugombea mji mmoja wa pwani, manuari huku na manuari kule, mji katikati. Mwanamize, aliyewauzia wote wawili vitumbua, akaitwa na nahodha wa Kireno.

"Nipe siri ya Mturuki, la sivyo mizinga yangu itaanzia nyumbani kwako!"

"Baruti yake imeombewa, bwana. Yako je?"

Nahodha akabadilika rangi. "Padri! Ibariki yote, usibakize pipa!"

Mwanamize akapiga kasia mpaka kwa Mturuki. "Mwenzako baruti yake imebarikiwa na padri, bwana. Nimeona kwa macho yangu."

"Kafiri anishinde mimi kwa dua?" Mturuki akafoka. "Mwiteni shehe!"

Asubuhi kila upande ukamtaja Mungu kwa sauti, ukatia mizinga moto. Mizinga ikasema tsss, ikanyamaza. Mji mzima ukaangua kicheko ufukweni.

"Umewafanya nini wale?" mume wa Mwanamize akauliza.

"Mimi? Padri kaimwagia baruti maji ya baraka, shehe kaimwagia maji ya kombe. Watu wa dini wale, bwana. Hawakubakiza pipa."