Bata Bukini Mia Tatu Kumi na Wawili

Paukwa!

Pakawa!

Angani kuna nini?

Kuna wageni!

Basi wapokeeni kwa macho, si kwa mikono.

Ilikuwa mwaka wa tisa tangu mto ulipohama njia yake ya zamani. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha siku nne kamili. Siku ya tano kulikuwa na mawingu, bila upepo. Ndipo bata bukini walipokuja kutoka kaskazini, mistari kwa mistari, wakitafuta pa kutua.

Katika nchi ile ya mpunga palikuwa na desturi. Bata wakitua, makombeo huwekwa chini siku tatu ili wapumzike. Siku hizo zikiisha, ruhusa kuwafukuza. Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa zimwi la kinamasi.

Siku hiyo ya tano Siwatu, binti wa mzee Mtupa, alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu, akilinda mbegu zilizomwagwa jana yake. Bata wakatua. Siku ya kwanza haijaisha, akawarushia donge la udongo. Halikumpata yeyote. Zimwi likatoka matopeni, likammeza mzima.

Mtupa akaja mbio. "Mwanangu yuko wapi?"

"Tumboni," zimwi likajibu, likipiga miayo. "Anapiga mateke. Hana adabu hata humo."

"Nirudishie."

"Panda dungu. Watazame wageni wangu siku tatu. Hesabu walioshuka, uhesabu na watakaoruka. Usimguse hata mmoja. Hesabu zikilingana, nitamtapika."

Basi Mtupa akapanda. Kwa kila bata kumi alifunga fundo moja katika ukindu, ujani wa kusukia mikeka. Yakawa mafundo thelathini na moja, na bata wawili wa ziada: mia tatu kumi na wawili.

Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umerusha kombeo miaka arobaini.

Siku ya kwanza bata walikula mbegu za upande wa juu. Mkono ukatambaa kuelekea kombeo.

"Mkono, tulia," akasema Mtupa. Ukatulia.

Siku ya pili walikula mbegu za katikati. Mkono ukatambaa tena.

"Mkono, tulia." Ukatulia.

Zimwi likapita chini ya dungu, na Siwatu akaita kutoka tumboni, "Baba, umelala?"

"Sijalala, mama. Nimechoka tu."

Siku ya tatu, adhuhuri, ilibaki kona moja ya mbegu. Mtupa hakuwa amefumba macho tangu apande. Bata mmoja akaingia katika kona ile, akainamisha shingo.

"Mkono, tulia!"

Donge lilikuwa limekwisha kuondoka. Bata akaanguka. Wenzake wakaruka wote kwa kishindo, na Mtupa akawahesabu.

Zimwi likaja. "Haya, mzee. Hesabu."

Mtupa akayapapasa mafundo ya ukindu moja moja.

"Walishuka mia tatu kumi na wawili. Wameruka mia tatu kumi na mmoja. Mmoja nimemuua mimi."

Zimwi likaketi topeni kwa uchovu. "Ungesema zimelingana, ningekumeza nawe. Nilikuwa nahesabu pia. Sasa amepungua mmoja, nami sina budi kupunguza kitu. Nipunguze nini?"

"Mtoto usimguse." Mtupa akanyoosha mkono wa kulia. "Chukua huu. Hausikii, na umechoka kuliko mimi."

Zimwi likauchukua bila damu, kama mtu achumaye hindi. Kisha likamtapika Siwatu, amelowa chepechepe, mdomo umemvimba kwa hasira. Alipomtazama baba yake, hasira ikamwisha.

"Baba! Mkono wako!"

"Twende nyumbani, mama. Ushike ukindu wewe. Mafundo haya siwezi tena kuyafungua, na mwakani watarudi."

Hadithi yangu imetua hapo, nayo inapumzika. Funzo lake ni hili: aliyefika amechoka, mwacheni kwanza apumzike.

Gharama yote: pishi sita za mbegu, bata mmoja, mkono mmoja.